Tuinue Makaro Kabla ya Masika

Ndugu zangu wa Kibiti, wa Bungu na Jaribu Mpakani, wa Nyamisati, Mbwera, Mbuchi, Msala na vijiji vyote vya delta. Nanyi wenzetu mlioko Dar es Salaam, mnaotuma fedha kidogo kidogo ili wazee nyumbani wapate nyumba ya bati na choo cha ndani: ninalo ombi. Tuzungumze juu ya karo la choo. Ni kitu kinachokaa nyuma ya nyumba na nyuma ya mazungumzo, mpaka siku kinapofurika. Nawasihi tulizungumze mapema, wakati ardhi ingali kavu na fundi anaweza kushika koleo.

Siku hizi tunajenga. Ukipita barabara ya Kilwa unaona tofali za saruji zimepangwa uani, na karibu kila nyumba mpya inataka choo cha kuvuta maji. Hilo ni jambo la heri. Mama mjamzito hapaswi kutoka usiku wa mvua kutafuta choo cha makuti, wala mzee mwenye magoti mabovu hapaswi kuchuchumaa juu ya magogo yanayotikisika. Lakini choo cha ndani kina sehemu isiyoonekana kwenye picha tunazotumiana kwa simu. Marumaru zinaonekana, karo halionekani, na fedha zikipungua karo ndilo linalopunjwa kwanza. Fundi huchimba shimo refu kadiri awezavyo, hulijengea tofali bila plasta ili maji yapenye, hulifunika kwa zege, kazi imekwisha. Miezi ya kiangazi maji yanapotea na kila mtu anashukuru. Kisha unafika Aprili.

Aprili ya 2024 hatuhitaji kusimuliwa. Mto Rufiji ulifurika, mashamba yakazama, nyumba zikazingirwa, watu wa Rufiji na Kibiti wakahama makazi yao. Kabla hatujavuta pumzi, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Tulilia mazao na nyumba, na ilikuwa haki yetu kulia. Jambo lililosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba maji yaliyoingia sebuleni yalikuwa yamekwisha kupita chooni. Shimo lisilo na plasta, lenye mdomo ulio sawa na ardhi, halina namna ya kuyazuia mafuriko yasiingie wala kuyazuia yaliyomo yasitoke. Kisima, jaruba la mpunga na uwanja wanakocheza watoto vyote huwa ndani ya maji hayo hayo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea karibu nchi nzima kilitukumbusha jinsi ugonjwa huo unavyosafiri: hauhitaji zaidi ya kinyesi kukutana na maji ya kunywa.

Sisi si wageni mbele ya maji. Mto huu umetulisha kwa kufurika kwake. Maji yakishuka, unyevu unaobaki ndio tunaopandia mlau, kilimo cha baada ya mafuriko. Na kwenye mashamba ya mpunga wazee walijenga dungu, nyumba iliyonyanyuliwa juu ya nguzo, mtu akalala juu huku maji yakipita chini. Hata Serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu katika Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi waliendelea kurudi bondeni msimu wa kulima, na dungu likawapokea. Elimu hiyo ya kukijua kimo cha maji na kujenga juu yake ni yetu. Tumeitumia kwa kitanda na kwa gunia la mpunga, lakini choo tumekiacha kichimbwe kwenda chini, huko huko maji yanakotokea. Ninachoomba ni kwamba elimu ya dungu tuipeleke na chooni.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa sababu wengi wetu tunaziogopa bila kuzijua. Chukua nyumba iliyojengwa Kibiti mwaka 2003, mwaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa. Karo lake lilichimbwa kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo katika kifungu cha 57 ilikataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa bahari au ziwa. Mwaka huo huo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, orodha ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwaka 2007 zikaja kanuni za viwango vya ubora wa maji. Mwaka 2009 zikaja sheria mbili zinazomgusa kila mwenye choo: Sheria ya Afya ya Jamii, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji inayolinda mito na maji ya chini ya ardhi kupitia bodi za mabonde, na sisi tumo katika Bonde la Rufiji. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, ile iliyoleta RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Wizara ya Maji nayo ilitoa toleo la tatu la mwongozo wake wa usanifu mwaka 2009, kisha la nne mwaka 2020. Na tangu Julai 2025 nchi inatumia Toleo la 2023 la sheria zake zote, kwa hiyo hata namba za vifungu tulizozoea huenda zimehama. Wakati wote huo karo la 2003 liko palepale. Wilaya ya Kibiti yenyewe, iliyomegwa kutoka Rufiji, ni changa kuliko karo hilo.

Sisemi haya ili mwenye nyumba ya 2003 ajione mkosaji. Alijenga kwa kadiri ya alichoambiwa, na pengine alijenga vizuri kuliko majirani zake. Nasema ili anayepiga msingi leo ajue kwamba nyumba yake itaishi miaka 40 au 50, na katika miaka hiyo sheria ya mazingira itabadilika mara kadhaa. Hawezi kuyajua mabadiliko yote, lakini anaweza kujenga karo linalorekebishika bila kubomoa nyumba. Tena mwelekeo unajulikana. Ukizisoma sheria hizi kwa mfululizo utaona zinauliza mambo yale yale, kila mara kwa ukali zaidi: maji ya chooni yanakwenda wapi, tope linakwenda wapi, na mkaguzi ataonaje.

Tuanze na maji. Katika kiwango chake TZS 860 cha mwaka 2005, Shirika la Viwango Tanzania liliweka kwamba majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuula uchafu uliomo kwa muda wa siku 5. Maji yanayotoka kwenye karo zuri, lililojengwa na fundi hodari, kwa kawaida bado yana zaidi ya miligramu 100. Msomaji asishtuke. Kazi ya karo ni kutuliza: mazito yazame, mafuta yaelee, maji ya katikati yatoke. Kazi iliyobaki hufanywa na udongo ulio juu ya maji ya ardhini, wenye hewa ndani yake, ambamo vijidudu vingine huumalizia uchafu na chembe za mchanga hunasa wadudu wa maradhi. Ardhi ikijaa maji mpaka juu, sehemu hiyo ya pili ya kazi haifanyiki. Ndiyo maana ramani moja ya karo yaweza kufaa kabisa kwenye mchanga wa juu kule Bungu, na ikichukuliwa vilevile mpaka Mbwera ikawa inachafua mkondo kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi si bei ya tofali. Mwulizeni: hapa maji ya ardhini yanapanda mpaka wapi wakati wa masika? Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba kitako cha shimo la kunyonya maji kibaki angalau mita 1.5 juu ya kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini, na shimo lenyewe liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima cha maji ya kunywa. Kimo hicho hakipimwi Septemba. Kinapimwa Aprili, kwa kuchungulia kisima kilicho karibu au kuchimba tundu dogo la majaribio. Ukijenga kiangazi, waulize wenye visima. Wanajua kamba yao inafupika kiasi gani mvua zikikolea.

Wenzangu wa Kibiti mjini na vijiji vya juu wataona kwamba hili haliwahusu, kwa kuwa mchanga wao hunywa maji upesi. Upesi huo ndio unaotudanganya. Mchanga unaopitisha maji ya chooni haraka huyafikisha haraka pia kisimani, yakiwa hayajasafika. Viwanja vya mjini vinazidi kuwa vidogo, kila mtu anataka kisima chake na karo lake, na mara nyingi kisima cha mmoja kiko hatua chache kutoka kwenye shimo la mwingine, uzio tu umewatenganisha. Mita 30 haziheshimu uzio. Majirani lazima wakae pamoja kabla ya kuchimba, wachore kwenye karatasi moja visima na mashimo yote ya mtaa. Kazi hiyo haihitaji mhandisi, inahitaji mwenyekiti wa kitongoji mwenye subira na kamba ya kupimia.

Karo lenyewe halina siri. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 80 kila mmoja hutoa lita 480 kwa siku, na maji hayo yanataka kutulia kwa siku nzima angalau. Tope hukadiriwa kufika lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Watu 6 kwa miaka 3 ni lita 720. Jumla ni lita 1,200. Lakini nani kwetu anaishi na watu 6 tu? Kuna Idi, kuna harusi, kuna arobaini ya marehemu, kuna wajukuu wa likizo. Karo la lita 3,000, yaani upana wa mita 1, urefu wa mita 2 na kina cha maji cha mita 1.5, si anasa. Liwe na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya urefu. Kuta na sakafu zipigwe plasta isiyopitisha maji. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe na umbo la herufi T, mguu mmoja ukizama chini ya maji, ili mafuta na takataka zinazoelea zisikimbilie nje na kuziba shimo la kunyonya. Kipande hicho cha bomba ni cha bei ndogo, na ndicho ninachosihi sana kisisahaulike, kwa sababu mashimo mengi ya kunyonya hufa mapema kwa kukikosa.

Kuhusu kurekebishika: jengeni mfuniko juu ya kila chumba, nao uwe juu ya usawa wa ardhi, wenye mshiko. Karo lililofukiwa chini ya sakafu ya jiko au baraza halitakaguliwa wala kunyonywa mpaka nyumba ivunjwe. Baada ya karo wekeni chemba ndogo kabla maji hayajakwenda kwenye shimo. Hapo ndipo afisa afya atachota maji ya kupima akija, na ndipo bomba litakapounganishwa siku sheria itakapodai kichujio cha changarawe au bustani ya matete ya kusafishia maji. Acheni nafasi ya ardhi tupu pembeni, hata kama inawaka tamaa ya kujenga chumba cha kupangisha. Chora ramani ya ulichojenga, andika vipimo na tarehe, weka nakala pamoja na hati ya kiwanja na nyingine kwenye ofisi ya kijiji au mtaa. Baba akifariki, watoto wengi hawajui hata karo liko upande gani.

Sasa delta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ramani za kutoka mjini zinaposhindwa. Katika vijiji vya chini maji yana njia mbili: ya mto wakati wa masika, na ya bahari kila siku, ambayo bamvua huyapandisha mpaka milangoni. Udongo ni tope zito la mfinyanzi, maji ya ardhini yako karibu, mengi ni ya chumvi. Kuchimba shimo la kunyonya hapo ni kuchimba kisima cha kinyesi. Anzeni na alama. Kama alama ya maji ya 2024 ingali ukutani au wazee wanaikumbuka, igongeeni msumari, kisha linganisheni na bamvua kubwa kuliko zote mnazozijua. Sakafu ya choo na midomo yote ya karo ikae juu ya hapo. Kwa kuwa maji hayapandi yenyewe, choo lazima kiinuliwe pamoja na karo, chenye ngazi pana na mahali pa kujishikilia kwa ajili ya wazee na watoto.

Mwenye uwezo anaweza kujenga karo la zege juu ya ardhi na kuyapeleka maji yake kwenye tuta la mchanga safi lililopandwa nyasi, ili mchanga huo ushike nafasi ya udongo mkavu tuliokosa. Njia hiyo ilifanyiwa kazi sana huko Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1970 kwa ajili ya ardhi zenye maji ya karibu kama zetu. Ni ghali, na tuta nalo lazima likae mahali ambapo mafuriko hayafiki. Kwa wengi wetu njia ya heshima ni choo kikavu chenye vyumba viwili vilivyoinuliwa: kimoja kinatumika na kutiwa majivu, kingine kimefungwa kwa mwaka mmoja au zaidi mpaka yaliyomo yakauke na kuacha kuwa hatari. Lakini niseme wazi jambo ambalo wafadhili na wataalamu wa kuja huwa hawalipi uzito. Sisi hustanji kwa maji. Choo kikavu kisicho na mahali pake pa kustanjia, penye mfereji unaotenga maji hayo na mkojo visiingie chumbani, kitaloa ndani ya wiki chache, kitanuka, watu watakikimbia na kurudi kwenye mikoko. Anayetaka kutujengea choo aanze kwa kuwauliza akina mama tunavyotawadha.

Mafundi nao naomba wajihadhari na matangi ya plastiki yanayofukiwa ardhini. Tangi la lita 3,000 likiwa tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 3, na plastiki yenyewe haina uzito wa kupingana na nguvu hiyo. Litang'oka na mabomba yake. Lifungwe kwenye sakafu ya zege, na lisinyonywe hadi tupu wakati ardhi imelowa. Hata karo la zege halifai kutolewa maji yote katikati ya masika. Subirini maji ya ardhini yashuke.

Swali la tope linatusuta zaidi ya yote. Kibiti mjini gari la kunyonya majitaka linaweza kufika mlangoni. Lakini gari likiondoka, mwenye nyumba huona kazi imekwisha. Haijaisha. Mwulizeni dereva anakwenda kumwaga wapi, na asipokuwa na jibu linaloeleweka, msimwite tena. Dar es Salaam ina mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti. Halmashauri yetu inapaswa kutuonyesha mahali halali pa kumwaga, na sisi tunapaswa kuidai mahali hapo kila kikao cha bajeti. Kuhusu kutapisha vyoo mvua ikinyesha, yaani kutoboa shimo ili yaliyomo yachukuliwe na maji ya barabarani, sitatafuta lugha laini. Ni kumwekea mtoto wa jirani maradhi mdomoni. Tuache, na anayefanya tumkataze kabla hajakatazwa na mgambo.

Visiwani gari halifiki, na halitafika. Kwa hiyo kabla ya kujenga choo cha maji Kiomboni au Simba Uranga, mwenye nyumba ajue tangu mwanzo tope litatoka vipi na kwa chombo gani. Akikosa jibu, choo kikavu kinamfaa zaidi, hata kama jirani ana cha kuvuta. Na popote pale, asiingie mtu ndani ya karo kulisafisha. Hewa ya humo huua kimyakimya, na mara nyingi huua wawili, aliyeingia na aliyemfuata kumwokoa.

Kwa nini niwachoshe kwa haya yote? Kwa sababu delta yetu ina msitu wa mikoko wenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, na katika mizizi yake hukulia sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania. Kaa, chaza na samaki wadogo hukaa humo humo kwenye mikondo tunakoelekeza mabomba. Watu wa delta wanakula kutoka kwenye maji hayo na kuuza kutoka kwenye maji hayo. Mnunuzi akianza kushuku kamba wa Rufiji, bei itaanguka kwa kila mvuvi, aliyejenga choo na asiyejenga. Na mzigo wa kwanza huwaangukia wanawake, wanaochota maji, wanaouguza watoto wenye kuhara, na wanaongoja giza liingie ndipo wajisitiri.

Kwa viongozi wetu wa halmashauri nina ombi la pekee. Mita 60 za sheria zina maana njema, lakini ziko sehemu za delta ambapo ukipima mita 60 kutoka mkondo mmoja unaingia mkondo mwingine, na watu wameishi hapo vizazi kwa vizazi. Sheria ya 2004 ilimpa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli ndani ya eneo hilo, na halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tungeni sheria ndogo za vyoo vya delta pamoja na watu wa delta, mkikaa Nyamisati na Mbuchi na si Kibiti mjini peke yake. Bandikeni kwenye kila ofisi ya kata ramani tatu za mfano: ya ardhi ya juu, ya bondeni na ya visiwani, zenye vipimo na orodha ya vifaa. Afisa afya aje kwanza na ushauri, faini ifuate kwa anayekaidi. Mtu akipewa miezi ya kujirekebisha na ramani ya kumwongoza, wengi watajirekebisha. Akipewa faini peke yake, ataficha mfuniko.

Tumewahi kuweza. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kupitia Radio Tanzania, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee wetu walifanya hivyo bila simu na kwa saruji haba. Walichoombwa ni kuchimba, na walichimba. Sisi kazi yetu ni kuinua na kuziba. Masheikh wetu hufundisha twahara kwa kina, najisi ni ipi na maji yapi yanafaa. Nawaomba hotuba moja ya Ijumaa kabla ya masika ifike mpaka kwenye karo la nyuma ya nyumba, na mapadri na wachungaji wafanye vivyo hivyo Jumapili. Walimu wa vyuo vya VETA wawafundishe vijana wa uashi bomba la T na plasta ya karo kwa uzito ule ule wanaofundisha kupanga tofali za ukuta wa mbele.

Nanyi mlioko Dar, mtumapo fedha, tumeni za karo kabla ya za marumaru. Ombeni picha ya karo likiwa wazi, kabla halijafunikwa, rula ikiwa ndani.

Kwa kila mwenye nyumba anayesoma hapa: wiki hii tafuta mfuniko wa karo lako na uufungue. Acha hewa itoke, simama mbali, kisha chukua fimbo ndefu iliyozungushiwa kitambaa cheupe, itumbukize mpaka chini na uitoe taratibu. Weusi wa tope ukiwa umefika theluthi ya kina cha maji, panga kunyonya kabla ya mvua. Kama huna mfuniko wa kufungua, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Pima hatua kutoka karo mpaka kisima chako na cha jirani. Andika ulichokiona kwenye daftari, ulipeleke kwa mtendaji wa kijiji au afisa afya wa kata, na umwulize sheria ya sasa inataka nini kwa ardhi yako. Ukipata jibu, mweleze na jirani.